Oktoba Inasingiziwa

Mtu wa Tanga aliyehamia Stockholm akisoma kwenye gazeti la Kiswahili kwamba vuli imeingia, la kwanza atatafuta mwavuli. Kwao vuli ni mvua, zile fupi za Oktoba hadi Desemba, ambazo mbuyu uliokaa mtupu miezi kadhaa huzipokea kwa kuvaa majani. Huko alikohamia, msimu unaotafsiriwa kwa neno hilohilo ndio ambao miti huvua. Kamusi zetu zimeliacha neno moja libebe misimu miwili isiyopatana. Waandishi wengine wamechagua kusema majira ya mapukutiko, nami nitawafuata, maana jina hilo linataja kitendo chenyewe. Majani hupukutika. Swali ni lini, na kwa amri ya nani.

Jibu la haraka hutolewa kila mwaka na jamaa zetu walioko Boston, Minneapolis au Berlin wanapotuma picha nyumbani. Mwaka huu majani yamechelewa, joto lilizidi. Mwaka jana yaliwahi, baridi ilishuka ghafla. Upepo wa juzi umeyamaliza yote. Kila kauli ina ukweli ndani yake, na zote zina kasoro moja: zinaitazama hali ya hewa ya wiki ileile ambayo majani yanaanguka. Ni sawa na kudhani kwamba karani anayegawa mshahara ndiye aliyeupanga. Ushahidi uliokusanywa katika miaka 20 hivi iliyopita unaonyesha kwamba Oktoba hulipa tu. Hesabu yenyewe imeshapigwa sehemu kubwa tangu miezi ya machipukizi.

Tuanze na jani mkononi. Okota jani la mti wa mepo (maple) lililoanguka lenyewe, uligeuze utazame kitako cha kikonyo chake. Ni laini, kimejifunga, kama kidonda kilichopona. Mwezi Julai ukilivuta jani bichi la mti huohuo, litakuja na uzi wa gome. Jani la Oktoba halikukatika, limeachiwa. Pale kikonyo kinapokutana na tawi pana tabaka jembamba la seli. Msimu mzima jani linapofanya kazi, hupitisha hapo homoni iitwayo oksini, na maadamu oksini inapita, tabaka hilo hutulia. Jani likizeeka oksini hupungua, nayo gesi ya ethilini hupata nafasi. Seli hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi iliyo kati yao, huku upande wa tawi ukijiziba. Ethilini si mgeni kwetu. Anayevundika ndizi huzifunika ili gesi hiyohiyo, inayotoka kwenye ndizi zenyewe, isipotee hewani. Kinachoivisha mkungu Bukoba ndicho kinacholegeza jani Massachusetts.

Lakini kabla ya kuachia, mti huhamisha mali. Mpangaji mwenye akili harudishi ufunguo kabla ya kutoa vyombo. Klorofili, ile rangi ya kijani inayoendesha usanisinuru, huvunjwavunjwa. Naitrojeni na fosforasi zilizokuwa ndani ya jani hurudishwa kwenye matawi na gome zikangoje mwaka ujao. Njano inayobaki ilikuwapo siku zote, imefunikwa na kijani. Nyekundu ya mepo ni jambo jingine: hiyo hutengenezwa wakati huohuo wa kufunga virago, na hung'aa zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha.

Katika mji wa Umeå, kaskazini mwa Sweden, watafiti wa chuo kikuu walikuwa na mti mmoja wa aspeni uliosimama wazi katika eneo la chuo chao. Walichuma majani yake msimu hadi msimu wakayapima, na mwaka 2005 wakachapisha ratiba ya kuhama kwa mti huo, seli kwa seli. Karibu asilimia 80 ya naitrojeni na fosforasi ilikuwa imeshaondolewa kabla jani halijaanguka. Kilichonivutia zaidi ni tarehe. Mti ule huanza kuvunja klorofili karibu siku zilezile za Septemba mwaka hadi mwaka, iwe Septemba ya joto au ya baridi. Kwa mti wa latitudo ile, kusubiri baridi ndipo uanze kuhama ni kamari. Baridi ya kugandisha ikikukuta vyombo viko ndani, vimepotea.

Ndiyo maana miti mingi ya kaskazini hutazama kwanza saa isiyodanganya, yaani urefu wa mchana. Nairobi siku ndefu na siku fupi hupishana kwa dakika chache tu. Dar es Salaam hazifiki saa nzima. Boston hupishana kwa zaidi ya saa 6, na Stockholm kwa zaidi ya saa 12. Mti ulioota huko hupokea taarifa hiyo kila jioni kuanzia mwisho wa Juni. Mti wa miombo wa Tabora au Katanga hauna taarifa yenye nguvu kama hiyo, kwa hiyo hufuata zaidi maji: hupukutisha kiangazi kinapokolea, na mara nyingi huchipua majani mapya mekundu wiki kadhaa kabla ya mvua ya kwanza. Kupukutika ni kule kule, ila mwenye amri ni mwingine.

Kwamba mwanga una kauli, jiji la New York lilitoa ushahidi bila kukusudia. Mwaka 1936 mtaalamu wa mimea Edwin Matzke alieleza jinsi taa za barabarani zilivyochelewesha majani ya baadhi ya miti ya jiji hilo. Matawi yaliyokuwa karibu na taa yaling'ang'ania majani wakati sehemu nyingine za mti huohuo zimeshapukutika. Hapo hali ya hewa haiwezi kuitwa shahidi, kwa sababu baridi, mvua na upepo vilikuwa vilevile pande zote mbili. Kilichotofautiana ni taa.

Basi hali ya hewa ina kazi gani? Kalenda humpa mti dirisha la wiki kadhaa. Siku gani ndani ya dirisha hilo, hapo ndipo hewa inapoingia, na huingia kwa milango mingi inayogombana.

Mlango unaojulikana zaidi ni baridi. Usiku ukiwa wa ubaridi wa wastani, klorofili huvunjika kwa kasi na kazi ya kuhama huenda mbio. Usiku ukibaki na joto, jani huendelea kujitafutia. Baridi ya kugandisha ni habari tofauti kabisa, na matokeo yake hutegemea imekuta nini. Ikikuta tabaka la kikonyo limeshakamilika, barafu ndogo hujitengeneza mlemle ndani ya tabaka na kulimalizia. Mti unaoonyesha hili waziwazi ni ginko, ule wenye majani mfano wa kipepeo. Vikonyo vyake hukamilika karibu kwa pamoja, kisha husubiri. Asubuhi moja baada ya usiku wa barafu, bila upepo wowote, jua hugusa matawi ya juu na majani huanza kumiminika. Ukisimama chini unasikia mchakacho mfululizo, kama manyunyu juu ya makuti. Saa chache baadaye mti uko uchi, na zulia lote la njano limelala duara chini yake, kwa kuwa hapakuwa na upepo wa kulitawanya. Mforosadi nao una tabia hiyo.

Baridi hiyohiyo ikifika mapema mno hufanya kinyume chake, na hapa ndipo wengi hukosea. Tarehe 9 Oktoba 2019 mji wa Denver, Colorado, ulifikia nyuzijoto 28. Usiku wa siku iliyofuata ulishuka hadi karibu 10 chini ya sifuri. Miti ilikuwa bado ya kijani. Majani yalikufa papo hapo, lakini hayakuanguka, kwa sababu tabaka la kuachia halikuwa tayari, na jani lililokufa haliwezi kulikamilisha. Yalibaki yakining'inia, makavu na ya kahawia. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba baridi huangusha majani amesema nusu. Anayeachia jani ni jani lenyewe likiwa hai.

Upepo na mvua sina mengi ya kusema juu yake. Ni wachukuzi. Huchukua kilichokwisha kufungwa, na dhoruba moja inaweza kumaliza kwa usiku mmoja kazi ambayo ingechukua wiki mbili. Mti usio tayari hautikisiki. Mwaloni na mti wa biichi, hasa ikiwa michanga, huweza kukaa na majani yake makavu hadi machipukizi ya mwaka unaofuata, na pepo za majira yote ya baridi zisiyatoe.

Ukame ni mzito zaidi, nao Waafrika tunauelewa vizuri. Tarehe 19 Julai 2022 kituo cha Coningsby nchini Uingereza kilipima nyuzijoto 40.3, kiwango ambacho nchi hiyo haikuwahi kukiandika. Mwezi Agosti bustani za London zilikuwa na majani makavu ya kahawia chini ya miti, watoto wakiyapiga teke kama vile Novemba imefika. Waingereza waliuita msimu wa mapukutiko wa uongo. Kwa mti haukuwa uongo. Maji yakipungua kwenye udongo huku hewa ikiyavuta kwa nguvu kutoka majanini, mapovu ya hewa huingia kwenye mirija ya mti na kuikata, kama bomba lililoingiwa na hewa. Kudondosha majani ni kufunga bomba kabla halijapasuka. Mti wa London mwezi ule ulifanya kile ambacho mbuyu wa Dodoma hufanya kila kiangazi, tofauti ni kwamba mbuyu umezoea. Uhamisho wa haraka namna hiyo huacha vyombo vingi ndani.

Hadi hapa tumezungumzia hewa ya miezi ya karibu. Sasa turudi kwa karani na mshahara.

Huko Petersham, Massachusetts, upo msitu wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kuanzia mwaka 1990 mtafiti John O'Keefe alikuwa akipita njia ileile msituni na kusimama kwenye miti ileile, akiandika machipukizi yamefunguka kiasi gani na, mwisho wa mwaka, asilimia ngapi ya majani imebadilika rangi na ngapi imeanguka. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na shangwe wala mitambo, na binafsi naiona kuwa na thamani kuliko makala nyingi zilizoandikwa kwa kutumia takwimu zake. Mwaka 2015 Trevor Keenan na Andrew Richardson walizitumia kumbukumbu za namna hiyo pamoja na picha za satelaiti, wakagundua jambo ambalo makadirio ya zamani hayakuliweka: mwaka ambao majani yaliwahi kuchipua, mara nyingi yaliwahi pia kuzeeka. Aprili yenye joto huacha alama yake Oktoba.

Kwa nini? Mwaka 2020 Deborah Zani, Constantin Zohner na wenzao wa Zürich walitoa maelezo katika jarida la Science. Walipitia kumbukumbu za Ulaya za kati ya mwaka 1948 na 2015, wakaongeza majaribio yao ya miche. Hoja yao, kwa lugha ya shambani, ni kwamba ghala likijaa mkulima haongezi vibarua. Mti una kiasi fulani cha sukari unachoweza kukitumia na kukihifadhi kwa mwaka. Majira ya joto yakiwa mazuri na jani likafanya kazi kwa bidii, lengo hufikiwa mapema na jani hustaafu mapema. Makadirio yaliyokuwapo yalisema kwamba kufikia mwisho wa karne hii ongezeko la joto litachelewesha kuzeeka kwa majani kwa wiki 2 hadi 3. Wao waliyageuza: majani yatawahi kwa siku 3 hadi 6.

Hawakuachwa waseme peke yao. Mwaka uliofuata Richard Norby, mtafiti wa Marekani aliyeshughulika kwa miaka mingi na majaribio ya kumwagia misitu hewa yenye kaboni dioksidi zaidi, alijibu katika jarida hilohilo kwamba katika majaribio hayo miti iliongeza uzalishaji lakini majani hayakuwahi kwa namna waliyodai. Pingamizi hilo lina uzito. Miche ya kwenye vyungu na miti ya msituni si kitu kimoja, na mtu asiruke kutoka kwenye chungu hadi mwisho wa karne kwa hatua moja.

Mimi naona suluhu bora zaidi ilikuja mwaka 2023, pale kundi la Zohner lilipogawa mwaka katika mafungu mawili, na ukuta wa katikati ukawa karibu tarehe 21 Juni, siku ndefu kuliko zote. Joto linalokuja kabla ya siku hiyo huharakisha kuanza kuzeeka kwa majani, kwa karibu siku 2 kwa kila nyuzijoto moja. Joto linalokuja baadaye huchelewesha hatua za mwisho, kwa siku 2 na nusu hivi kwa kila nyuzi. Joto ni lilelile, ila likija Mei linasukuma na likija Septemba linavuta.

Ukilitazama suala kwa jicho hilo, mambo yaliyokuwa yakigongana huanza kuachana njia. Annette Menzel na wenzake, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 wenye aina 542 za mimea kutoka nchi 21 za Ulaya, walikuta kwamba kati ya 1971 na 2000 dalili za machipukizi na majira ya joto ziliwahi kwa wastani wa siku 2.5 kila muongo, lakini rangi na kuanguka kwa majani havikuwa na mwelekeo wa kueleweka. Wapo walioona hilo kuwa ni udhaifu wa takwimu. Kamba inayovutwa na watu wawili wenye nguvu sawa haiendi mbali, na asiyewaona wavutaji atadhani imelala tu.

Japani upande mmoja unashinda. Idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo imekuwa ikiandika tangu mwaka 1953 siku ambayo mepo wa kila kituo unageuka mwekundu, na siku hiyo imekuwa ikichelewa kwa karibu siku 3 kila muongo. Vituo vingi viko mijini, ambako usiku wa Oktoba na Novemba umepata joto zaidi. Msafiri anayenunua tiketi ya Kyoto kwa kufuata kitabu cha miaka ya 1960 atakuta miti ya kijani. Mwaka 2021 idara hiyo ilipunguza orodha ya viumbe na mimea inayofuatiliwa kutoka aina 57 hadi 6. Ndege na wadudu waliondolewa wote. Mepo na ginko ilibaki.

Anayeona kwamba haya ni mambo ya watalii na wapiga picha na aende Sevenoaks, katika kaunti ya Kent. Jina la mji huo maana yake ni mialoni saba. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 tufani iliipiga kusini ya Uingereza ikang'oa miti ipatayo milioni 15. Katika mialoni saba iliyopandwa mwaka 1902 kwenye uwanja wa kriketi wa mji, ilibaki mmoja. Upepo ulikuwa mkali, ndiyo, lakini udongo ulikuwa umelowa na miti ilikuwa bado na majani. Mti wenye majani ni jahazi lililopandisha tanga. Tufani hiyohiyo ingekuja mwisho wa Novemba ingekuta milingoti mitupu.

Theluji hufanya kazi hiyo kwa uzito badala ya upepo. Tarehe 29 Oktoba 2011 theluji nzito ya mapema ilianguka kaskazini mashariki mwa Marekani. Katika kijiji cha Peru, Massachusetts, ilifikia sentimita 81. Miti mingi ilikuwa haijapukutika. Kila jani likawa kisahani cha kubebea theluji, matawi yakavunjika juu ya nyaya, na wateja wapatao milioni 3 wakakosa umeme, wengine kwa zaidi ya wiki. Majani yakichelewa, theluji haiyangoji.

Na yakishaanguka bado yana neno. Juu ya reli, magurudumu huyasaga majani yaliyolowa yakawa utando mweusi, mgumu na wenye utelezi. Tarehe 31 Oktoba 2021, siku ya mvua na upepo, treni moja karibu na Salisbury ilifunga breki na haikusimama penye taa nyekundu. Iligonga nyingine mlangoni mwa handaki. Hakuna aliyekufa. Waingereza hufanyiana mzaha juu ya treni kuchelewa kwa sababu ya majani, ila wanaoendesha reli hizo hupokea kila siku ya msimu huo utabiri maalumu wa utelezi, na hutuma treni za kuosha reli kwa maji ya nguvu kabla abiria hawajaamka. Kwao tarehe ya kupukutika ni jambo la ratiba na la roho za watu.

Utabiri huo hauwezi kuwa mzuri kuliko kumbukumbu zinazoulisha. Nchini Ujerumani idara ya hali ya hewa bado inategemea watu wa kawaida wanaojitolea kutembelea mimea ileile na kuandika tarehe, na katika kalenda yao ya mimea majira ya baridi hayaanzi Desemba, huanza mwaloni unapopukutisha majani. Wewe uliyeko huko, au Minneapolis, au Toronto, unayetuma picha nyumbani kila mwaka, chagua mti mmoja unaoupita ukienda kazini. Andika siku machipukizi yanapofunguka, siku rangi inapoanza kugeuka, na siku mti unapobaki mtupu. Usianze Oktoba. Anza Aprili.